Kaburi la kaka linajengwa Desemba, na bado tunasema ni majambazi

Mama Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Jina langu sitalitaja, wala la kijiji chetu. Itoshe kusema sisi ni Wataita, tumelelewa Mombasa, na mimi ndiye kitinda mimba katika watoto wanne. Ninayekuandikia habari zake ni kaka yangu wa pili. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii kule Pwani Kusini, na ndiye aliyenilipia karo ya chuo baba alipostaafu.

Aliuawa miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa usiku wa Jumamosi, wametoka kazini yeye na mwenzake ambaye nitamwita K. Nyumbani K alijulikana kama mtu aliyepanga nyumba pamoja na kaka. Ukweli ni kwamba walikuwa wapenzi, na walikuwa hivyo kwa muda mrefu. Kaka aliniambia mwenyewe tukiwa kwenye feri ya Likoni, akacheka alipoona sikushtuka. Kwa kadiri ninavyojua, hakumwambia mtu mwingine yeyote wa ukoo wetu.

Usiku huo vijana waliwasimamisha karibu na steji ya boda boda. Walianza na matusi, na matusi yenyewe yalikuwa ya aina moja tu, unaweza kukisia. K alikimbia kutafuta watu. Aliporudi na askari wa zamu wa jumba la jirani, kaka alikuwa chini na wale vijana wametoweka. Alifia hospitalini kabla hakujapambazuka. Tulikabidhiwa vitu vyake katika bahasha ya kaki: simu, pochi ikiwa na pesa ndani, na saa iliyokatika mkanda. Simu na pochi nimezitaja kwa sababu kijijini tulitangaza kwamba ni majambazi.

Nasema tulitangaza, lakini mimi sikuulizwa. Kamati ya mazishi ilikaa, baba ni mzee wa kanisa, na mchungaji alitaka kujua mapema kitakachosomwa. Kwenye wasifu wakaandika “alishambuliwa na majambazi akitoka kazini”, na waombolezaji wakaguna kwa huruma. Mimi nilikwenda nyuma ya hema kuchota maji, nikasikia kina mama wawili waliokuwa wakisonga ugali. Mmoja alimwambia mwenzake, “Afadhali hivi, mama yake sasa atapumzika.” Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo mpaka leo. K alikuja mazishini na wafanyakazi wa hoteli, akakaa nao nyuma. Hakutambulishwa. Alitia udongo wa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kwenda kula.

Kuhusu polisi, nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ninayo. Mpelelezi wa kwanza aliniuliza kama kaka alikuwa na mke. Nikasema hapana. Akauliza, “Kwa nini?” kisha akafunga daftari lake. Baadaye alihamishwa. Mara ya mwisho nilipofika kituoni, askari wa dawati alitazama ndani ya kabati, akasema faili iko kwa wakubwa. K hakuwahi kuandikisha taarifa. Siku zile alikuwa amejificha kwa shangazi yake, na hakuna aliyemtafuta.

Sasa Desemba ukoo wote utakuwa nyumbani, na imeamuliwa kaburi lijengwe kwa saruji na ifanyike ibada ya ukumbusho. Nimeombwa niandike maneno machache kwa niaba ya ndugu zake. Wakati huohuo rafiki zake wa mjini, wale waliokuwa wakiitana kuchu, yaani watu wa mapenzi ya jinsia moja, wameniomba ruhusa. Kila mwaka wao huwasha mishumaa na kusoma majina ya wenzao waliouawa. Wanataka safari hii wasome jina lake na wabebe picha yake. Wanasema mimi ndiye familia pekee wanayoweza kuiuliza.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi: K anamfahamu mmoja wa wale vijana. Alimtambua sura na sauti. Ni mwendeshaji boda boda, yuko pale pale mpaka leo. K ameniambia, “Ukisema twende, nitakwenda.” Nami nimewahi kupita kwenye steji ile kwa shughuli zangu, na huyo kijana akaniuliza, “Dada, twende?” Nilitembea kwa miguu hadi nilikokuwa nikienda, sijui hata nilifikaje.

Nilijaribu kuzungumza na mama. Alikuwa akipiga pasi koti jeupe la upishi la kaka, analolitoa kabatini kila Krismasi, analifua, analipiga pasi, analirudisha. Hakuinua macho. Alisema, “Mimi nimezika mtoto. Usinizikishe mara ya pili.”

Nataka haki, mama. Lakini kila njia ninayoitazama ina mtu atakayeumia, na nikinyamaza naona kama mimi pia nasaidia kusonga ule ugali. Nifanyeje? Nisimame kaburini niseme kweli? Nimwambie K twende? Nitoe picha?

Kitinda Mimba,
Mombasa

JIBU

Mwanangu,

Pole. Pole ya msiba najua ulishapewa, na watu na vyakula vyao. Hii ni pole ya kutunza kwa miaka mitatu hadithi ambayo hukuitunga wewe.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, nikaona umeniuliza mambo matatu kwa pumzi moja: kaburi, picha na faili. Yamekujia pamoja kwa sababu Desemba inakaribia na kila mtu anataka jibu. Lakini Desemba ni ya kaburi peke yake. Faili ya mauaji haijui Desemba; katika sheria za Kenya kosa la kuua halina muda linapokwisha, mtu anaweza kushtakiwa hata baada ya miaka 20. Na mishumaa ya rafiki zake itawashwa mwaka huu na mwaka kesho. Kwa hiyo ningependa kwanza tuyatenganishe, maana naona wenye mambo haya si mtu mmoja, na hatari zake si zilezile.

Nianze na K, kwa sababu yeye yu hai.

“Ukisema twende, nitakwenda.” Nayaelewa maneno hayo. Mtu aliyekimbia kutafuta msaada akarudi akakuta mwenzake amelala chini hubeba mzigo mbaya sana, hata kama kukimbia kule ndiko kulikomfikisha kaka yako hospitalini akiwa bado anapumua. Inawezekana K anatafuta mtu wa kumwamuru alipe deni ambalo hadaiwi. Je, umewahi kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini, kama wewe usingekuwepo? Nakuuliza kwa upole, maana barua yako inamtaja kama mjane asiyetambulishwa, na papo hapo inamtaja kama shahidi. Huenda hamjapata kukaa mkaomboleza tu, bila habari za polisi katikati.

Hatari zake ni hizi, usizipunguze wala usizikuze. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kipo, na kifungo chake kinafika miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kifungu hicho kinaadhibu tendo; mtu hashtakiwi kwa kuwa alivyo, wala kwa kusema “nilimwona fulani akimpiga fulani.” Shahidi wa mauaji haendi mahakamani kueleza alimpenda nani. Lakini tusijidanganye: wakili wa mshtakiwa atamuuliza walikuwa wakienda wapi usiku ule, wanaishi vipi, vitanda vingapi. Mwenye nyumba atasikia. Hoteli itasikia. Shangazi aliyemficha atasikia. Tena kuna jambo la kisheria ambalo halihusiani na mapenzi kabisa: kumtambua mtu usiku, kwa sauti na kwa mwanga wa steji, ni ushahidi ambao mahakama zetu huupima kwa uangalifu mno. K anaweza kulipa gharama yote hiyo na kesi bado ikaanguka.

Ipo njia iliyo kati ya kwenda na kutokwenda. K anaweza kuonana na wakili kwanza, kabla ya kukanyaga kituo chochote, akaandika mbele yake kila anachokumbuka: nani alisimama wapi, nani alisema nini, taa ilikuwa upande gani, yule askari wa zamu aliitwa nani. Akatia sahihi na tarehe. Karatasi hiyo ikakaa kwa wakili. Kumbukumbu ya miaka mitatu bado ina nguvu, ya miaka kumi haina, na kuandika hakumlazimishi kushtaki. Wako mawakili wanaoifanya kazi hii bila malipo. Wapo wa mashirika ya haki za binadamu hapo Mombasa, na Nairobi iko NGLHRC, ile tume ya haki za mashoga na wasagaji ambayo Mahakama ya Juu iliamua Februari 2023 kwamba ilinyimwa usajili kinyume cha Katiba. Wakili ndiye atakayemweleza pia kuhusu Shirika la Kulinda Mashahidi, linafanya nini na haliwezi nini, maana ulinzi huo mara nyingine ni kuhama na kuacha kazi, na si kila mtu anautaka.

Kisha kuna upande wa faili ambao haumhitaji K kabisa, au haumhitaji kwanza. Hapa naona umejisahau. Wewe si mtu wa kubahatisha kwenye dawati la kituo. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inaihesabu familia ya aliyeuawa kuwa mwathiriwa, yenye haki ya kupewa habari za uchunguzi na ya kusikilizwa kesi ikifika mahakamani. Mnaweza kumwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma barua ya ukurasa mmoja: nambari ya OB, tarehe, hospitali, na swali moja, faili iko wapi? Katiba, kifungu cha 157, inampa mamlaka ya kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze, na agizo lake si ombi. Faili ikionekana imelala, mnaweza kuomba uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, ambako hakuna anayeshtakiwa bado lakini mashahidi huitwa. Na kama ni utepetevu wa askari, kuna IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Ombeni nakala ya ripoti ya upasuaji wa maiti ikiwa hamna. Na ile bahasha ya kaki, mwanangu, iache ilivyo. Usisafishe saa, usiichaji simu ili kuona picha. Andika pembeni ulikabidhiwa na nani na lini. Pochi yenye pesa inazungumza vizuri kuliko mimi na wewe, na yule askari wa zamu aliyekuja na K ni shahidi ambaye hana cha kuficha.

Njia hii nayo ina bei. Faili ikishtuka, mpelelezi mpya atapiga simu nyumbani, au atampigia chifu, na chifu ataketi na baba yako. Ukiamua kuandika barua hiyo, baba na mama wasije wakaisikia kwa chifu.

Unasema unataka haki. Nikuulize: ukiwaza siku ya haki, unaona nini? Unamwona kijana yule kizimbani? Au unasikia mtu mwenye mamlaka akisema kwa sauti sababu iliyomuua kaka yako? Hivi viwili havifuatani sana. Sheria yetu haina kosa la kuua kwa chuki ya namna hii. Hati ya mashtaka itasema mauaji, basi. Unaweza ukapata hukumu na usipate lile neno.

Watu wamepita njia hii, na haikuwanyookea. David Kato, mtetezi wa haki za mashoga, alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, Uganda, Januari 2011, wiki chache tu baada ya yeye na wenzake kushinda kesi dhidi ya gazeti la Kampala lililochapisha majina na picha zao na kutaka wanyongwe. Polisi walisema si chuki, mtu mmoja akakiri, akafungwa miaka 30, na mpaka leo wengi waliomjua hawakubali kwamba hadithi iliishia pale. Halafu kuna Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki hizohizo hapa Kenya. Januari 2023 mwili wake ulikutwa ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara karibu na Eldoret, na kabla wiki haijaisha watu Nairobi na ng’ambo walikuwa wameshajua nani wa kulaumiwa: chuki. Chuki ilikuwepo, ukisoma waliyoandikiwa waombolezaji utaiona. Lakini aliyepatikana na hatia alikuwa mtu wa karibu naye, aliyekuwa akiishi naye, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Eldoret ikamfunga miaka 50. Sikuambii haya kumaanisha kwamba K alisikia vibaya. Matusi aliyoyasikia ni ushahidi. Nakuambia kwa sababu ukiishika sana sababu kabla ya kumpata mtendaji, unaweza kuukosa ushahidi usiofanana na hadithi uliyo nayo. Wale vijana walikuwa wangapi? Walitumwa? Walimjua kutoka hotelini? Hilo nalo ni la kuuliza.

Juu ya yule wa boda boda nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Usimkabili. Usimpige picha. Usimtaje jina hata kwa rafiki yako wa karibu kwenye simu. Unajua steji zetu zilivyo. Neno “muuaji” likitamkwa pale mchana, jioni wananchi wenye hasira wamemchoma mtu, na utakuwa na maiti ya pili, ushahidi umeteketea, na kweli ya kaka yako imeteketea nao. Au watamgeukia K. Februari 2010, Mtwapa, uvumi mtupu kwamba kuna harusi ya wanaume wawili ulitosha kuleta umati hadi kwenye zahanati, na watu wakapigwa. Hiyo ni mwendo wa matatu moja kutoka kwako. Kama kupita pale kunakurudisha usiku ule, zunguka, panda gari jingine. Kuzunguka si woga.

Sasa kaburi.

Unadhani una njia mbili: kusimama na kusema kila kitu, au kukaa na kuungana na uongo. Mimi naona katikati pana nafasi kubwa. Unaweza kuacha kudanganya bila kueleza yote. Neno “majambazi” likiondolewa, sentensi bado imesimama: “Aliuawa. Aliyemuua hajapatikana. Sisi ndugu zake tunaendelea kumtafuta.” Hakuna uongo hapo, hakuna siri ya K iliyotoka, na kila mtu chini ya hema ataelewa kwamba familia haijafunga mlango. Hata hilo lina hatari yake: mjomba mmoja atauliza “vipi tena, si walikuwa majambazi?” na baba atakutazama. Fikiria utamjibu nini, na kama utakuwa umemwonyesha maandishi kabla.

Kusema yote kwenye kipaza sauti ni haki yako pia, siwezi kukunyang’anya. Ila nakukumbusha mazishi ya yule Kato. Mchungaji alichukua kipaza sauti akaanza kuwalaani mashoga mbele ya jeneza. Rafiki zake wakakinyakua, ukawa mvutano, wanakijiji wakakataa kumzika, na marafiki ndio waliombeba hadi kaburini. Askofu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilikuwa limeshamtenga, ndiye aliyemwombea. Mchungaji wenu je, unamjua? Ukianza wewe, atamalizia nani?

Na kuna mama.

Unasoma maneno yake kama amri ya kunyamaza kwa sababu ya aibu. Labda. Lakini yatazame tena. Ulipomgusia, hakusema “unazungumza nini?” Hakusema “ni majambazi.” Alisema usinizikishe mara ya pili, na hayo si maneno ya mtu asiyejua. Huenda alijua tangu kaka yako akiwa kijana. Huenda na yeye aliyasikia ya nyuma ya hema. Ugali ule ulisongwa nyumbani kwake. Anachoogopa kinaweza kuwa kwamba mwanawe, ambaye angalau mara moja alizikwa kwa heshima, atafukuliwa midomoni mwa watu. Hiyo ni hofu ya kumlinda, hata kama njia yake inakuumiza wewe.

Ungejaribu kuanza na mtoto badala ya kifo? Siku atakapolitoa lile koti, kaa naye, muulize kaka yako alijifunzia wapi kupika, nani alikuwa akimwonjea mchuzi. Mtaje K kwa jina, kama mtu aliyekula chakula hicho. Usimsukume zaidi ya hapo. Akitaka kuuliza, atauliza. Asipouliza, atakuwa amelisikia jina. Na kama K atapenda kuja Desemba, je, kuna ubaya gani akiweka shada pamoja na wafanyakazi wenzake wa hoteli, mapema, watu wakiwapo, na si baada ya wote kwenda kula? Hilo halihitaji tangazo. Linahitaji wewe umshike mkono umfikishe mbele.

Baba sijui nikuambie nini, hukumwandika sana. Mzee wa kanisa anaweza kuwa ukuta, na anaweza kuwa mtu anayesubiri mmoja wa watoto wake amwambie kwamba haidhuru. Wewe unaijua nyumba yenu.

Picha nayo naiona nyepesi kidogo, japo si ndogo. Umeulizwa wewe kwa sababu hao rafiki zake wana adabu. Wangeweza kuichukua mtandaoni wakabeba. Nikuulize alilolitaka mwenyewe: kwa rafiki zake alikuwa wazi, kwenu hakuwa wazi isipokuwa kwako. Akisomwa jina mbele ya wale waliomjua, hajatolewa siri. Picha yake iliyobebwa ikipigwa picha, ikazunguka kwenye simu, ikafika Taita kabla ya Desemba, hilo ni jingine, na K yuko ndani ya picha nyingi kuliko unavyodhani. Kuna wanaosoma jina la kwanza tu, au lile la utani alilopewa na wenzake. Kuna wanaoweka simu zote kwenye kikapu mlangoni. Waambie hofu yako, wao wanaijua kuliko sisi sote. Nenda na wewe ukiweza. Umeomboleza chini ya hema ambako hukuweza kusema. Ungekaa mara moja mahali ambapo kila mtu anajua na hakuna anayehitaji kuelezwa, sijui lingekufanyia nini, lakini ningependa ujue.

Na usione kama kuchelewa ni kumsaliti. Wazazi wa Matthew Shepard, kijana wa Marekani aliyepigwa na kuachwa amefungwa kwenye uzio Wyoming mwaka 1998, walikaa na majivu ya mtoto wao miaka 20 kwa kuogopa kaburi lisije likanajisiwa. Yaliwekwa katika kanisa kuu la Washington Oktoba 2018. Wauaji walikuwa wameshafungwa maisha, sheria ya shirikisho ya mwaka 2009 dhidi ya uhalifu wa chuki inabeba jina lake, na bado mahali salama pa kumlaza walipangojea hadi hapo.

Lile la kusaidia kusonga ugali, sikubaliani nawe. Wale kina mama walifurahia ukimya. Wewe unaishi na ukimya huo na unakukaba. Lakini najua kukuambia hivyo hakutoshi, kwa hiyo tafuta mtu wa kuzungumza naye uso kwa uso, mshauri nasaha aliyezoea misiba ya kuuawa. Wako katika hospitali kubwa za umma na katika mashirika yaleyale niliyotaja. Hasira yako si ugonjwa. Ila umeibeba peke yako, na bado kuna siku shughuli zako hukupitisha barabara ileile.

Wiki hii, kabla ya barua yoyote na kabla ya kuandika maneno ya Desemba, mpigie K. Mwambie hutasema “twende” wala “tusiende” mpaka yeye mwenyewe akuambie anataka nini, na kwamba wakili yupo kama atataka kuandika tu. Muulize pia kama angependa kuja Taita. Kisha niandikie, hata kama ni kuniambia kwamba mmeongea saa nzima na hamjaamua lolote.